Abiria wa Kiti cha Mbele

Kigari kilianza kulia kabla hakijatoka yadini. Mlio wenyewe haukuwa wa kutisha. Ni ule wa magari mengi ya siku hizi, ting, ting, ting, pamoja na taa nyekundu kwenye dashibodi yenye picha ya mtu na mkanda kifuani. Maana yake kila dereva anaijua: mbele kuna abiria ambaye hajafunga mkanda.

Ila mbele hapakuwa na mtu. Mama Keki alikuwa bado amesimama nje, akifuta machozi kwa pindo la mtandio, na machozi hayo yalikuwa haki yake. Kwa miaka mingi alikuwa amesafirisha keki za watu zikiwa mapajani, ndani ya magari ya kukodi, huku akimwomba dereva kwa jina la Mungu asikanyage breki ghafla. Sasa alikuwa na gari. Lilikuwa dogo, la bei nafuu, lililokwisha kula ujana wake ng'ambo likaletwa kwa meli, lakini lilikuwa lake.

"Hiyo ni sensa ya kiti, inayohisi kama kuna mtu," alisema dalali wa yadi. "Imeshika unyevu wa safari. Itazoea."

Dalali huyo alikuwa mtu wa maneno. Ukimwuliza historia ya gari lolote pale, jibu lilikuwa moja: lilikuwa la ajuza mmoja wa huko ng'ambo, mwalimu mstaafu, aliyeliendesha kwenda sokoni na kurudi basi. Magari yalijaa yadi nzima, na yote yalikuwa ya ajuza.

Kwenye usukani alikaa mume wa Mama Keki, ambaye mtaa mzima ulimwita Taratibu kwa jinsi alivyofanya mambo yake bila haraka. "Utatutoboa masikio huu mpaka nyumbani?" akauliza.

Mama Keki akafungua mlango wa mbele, akauvuta mkanda juu ya kiti kitupu na kuuchomeka. Mlio ukakatika. "Yameisha," akasema. "Mfunge tu bibie, atulie." Wakacheka wote watatu. Kisha akazunguka, akapanda nyuma na kunyoosha miguu, maana siku hiyo alitaka kuendeshwa kama bosi.

Miezi ya kwanza hakuona kosa lolote, au aliliona akalipuuza. Taratibu alikuwa mtunza ghala aliyepunguzwa kazi, na tangu apunguzwe alikuwa mtu wa kukaa barazani akitazama vidole vyake vya miguu. Gari lilimwinua. Alinyoa ndevu. Alipeleka keki asubuhi na kubeba abiria mchana, na jioni alirudi na hadithi. Mama Keki alimshukuru Mungu kwa hilo kuliko kwa gari lenyewe, kwa sababu nyumba yao haikuwa na mtoto, na mume akinyamaza ndani ya nyumba kama hiyo, kimya chake hakina pa kwenda.

Vitu vidogo vidogo ndivyo vilivyoanza kumsumbua. Redio ya gari ilitengenezewa stesheni za ng'ambo, huku haikukamata chochote ila mvumo, lakini Taratibu aliiacha ikivuma njia nzima, na mara nyingine alitikisa kichwa kukubaliana nayo. Ndani kulikuwa na harufu ya poda, na chini ya poda harufu ya chuma kilicholala kwenye maji ya chumvi. Kioo cha dirisha la mbele, upande wa abiria, kilishika ukungu hata jua likiwa utosini, na katikati ya ukungu palifutwa duara la ukubwa wa uso. Mama Keki alilisugua kwa nje, likabaki vilevile. Lilikuwa limefutwa kwa ndani.

Halafu wateja wakaanza kulalamika. "Keki yako nzuri kwa macho, mama," mmoja alimwambia kwenye simu, kwa sauti ya mtu anayeona haya. "Lakini haina ladha. Sukari hatuisikii, siagi hatuisikii. Kama tunatafuna sifongo." Ni zile tu zilizosafirishwa kwenye kiti cha mbele. Zilizowekwa nyuma zilifika na utamu wake.

Siku Mama Keki alipoamua kukaa mbele yeye mwenyewe, gari lilipiga kelele. Alifunga mkanda, likazidi. Akaufungua, akaufunga tena, akainua makalio, akakaa upya, na ting, ting ikaendelea bila huruma, huku baridi ikimpanda mgongoni na kumshika kwapani kama mikono.

"Kaa nyuma, mke wangu," alisema Taratibu. "Si ulitaka ubosi?"

Alihamia nyuma, na mlio ukakoma. Mara ya kwanza walicheka. Mara ya pili alicheka mume peke yake. Baada ya hapo hakucheka mtu, na kukaa nyuma kukawa ndiyo desturi.

Fundi umeme wa magari aliitwa. Akainama chini ya kiti, akachomoa waya wa sensa, akainuka nao mkononi. Mlio ulikuwa bado unalia. Fundi aliutazama ule waya, akautazama mlango, akakusanya spana zake na kwenda zake bila kudai hata nauli. Alivyokuwa mpenda pesa fundi yule, hilo lilimtisha Mama Keki kuliko mlio.

Kilichomvunja moyo hasa alikiona mchana kweupe, akiwa dirishani na unga mikononi. Taratibu alitoka nyumbani amevaa shati safi. Akaenda kwanza upande wa abiria, akafungua mlango, akasimama kando. Akangoja kidogo, kama unavyomngojea mwanamke akusanye gauni lake lisibanwe. Kisha akainama, akauvuta mkanda pole pole, akauchomeka, na kuufunga mlango kwa kiganja ili usigonge. Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumfungulia mkewe mlango wa chochote. Mama Keki aliona wivu, halafu akaona hofu, na hakujua kipi kati ya hivyo viwili kilikuwa kikimtetemesha.

Jioni alimwuliza, sauti chini, "Unaongea na nani humo garini?"

"Na simu."

"Simu yako leo uliisahau mezani. Nimekaa nayo mimi."

Taratibu alimtazama kwa muda mrefu, kama anayejaribu kukumbuka walionana wapi. Kisha akaenda kulala bila kula.

Mama Keki alipanda gari la kukodi, kama zamani, akarudi yadini. Dalali alipomwona tu maneno yalimkauka. Alimvuta nyuma ya gari moja kubwa na kuongea kwa kunong'ona, macho yakiwa barabarani.

"Dada yangu, ya ajuza nilikudanganya. Haya magari yanakuja kwa mkupuo, nani anajua ya nani? Ninalojua ni hili. Nilipokwenda kulichukua bandarini, milango ilikuwa imefungwa kwa ufunguo, mkanda wa mbele umechomekwa, na kioo kimefutwa kwa ndani. Liliwahi kununuliwa mara mbili kabla yako. Mara zote mbili likarudishwa."

"Na nani?"

"Na wake zao."

"Waume zao walikuwa wapi?"

"Sikuuliza," dalali akasema. Kisha akamwelekeza kwa mganga, na kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu anayesema kweli.

Mganga alikuwa mama wa makamo aliyeuza mapazia, mnene, mwenye miwani ya kamba shingoni. Mama Keki alimwamkia na kumweleza yote kati ya marobota ya vitambaa. Mganga aliuliza swali moja tu.

"Nani alimwambia akae?"

"Ni mimi. Kwa utani."

"Ulisemaje?"

"Nilisema mfunge bibie, atulie."

"Basi akatulia." Mganga alivua miwani. "Huyu si mzimu wa ajuza, mwanangu. Ni jini, na ni wa hapa hapa. Kabla ya bandari wenyewe walikuwapo, na magari yakipangwa pale ufukweni wanaingia kama sisi tunavyoingia kivulini. Wengi hushuka wenyewe. Huyu kachoka kushuka, anatafuta atakayemkaribisha. Na ulipokaa mbele ulikuwa unamkalia mapajani. Wewe ndiye uliyemketisha, wewe ndiye utakayemshusha. Mimi nitasimama tu."

"Na mume wangu? Nitampata?"

"Twende tumshushe kwanza," mganga akasema.

Walikwenda alasiri, jua bado kali, kwenye uwanja mtupu nyuma ya maghala ya bandari. Taratibu aliendesha bila kuuliza wanakwenda wapi, na wanawake wawili walikaa nyuma kimya. Mganga alikuwa ameonya: injini isizimwe, sauti isipandishwe, na yeyote atakayeshuka asifuatwe kwa macho.

Mama Keki alipiga moyo konde, akashuka, akaenda kufungua mlango wa mbele. Baridi ilimpiga usoni na harufu ya poda ikatoka nayo. Kiti kilikuwa kitupu, lakini mkanda haukulala kwenye kiti kitupu. Ulikuwa umeinuka, umeviringa, na ukipanda na kushuka kidogo kidogo kama uliofungwa juu ya kifua kinachopumua, na alipopeleka mkono kutafuta kitufe cha kuufungulia ilimbidi aupitishe katikati ya kitu ambacho macho hayakukiona lakini ngozi ilikiona, kitu laini na cha baridi kama unga uliokandwa na kuachwa usiku kucha, na kitu hicho kikasogea kumpisha, kwa adabu, jambo lililomfanya atamani kupiga yowe kuliko kama kingemuuma.

"Kwa nini ananishusha?" Taratibu akasema. Midomo ilikuwa yake, lakini sauti ilikuwa ndogo, ya kike, ya upole. Alikuwa akitazama mbele. "Yeye si anakaa nyuma?"

"Usimjibu yeye," mganga alinong'ona. "Sema lako."

Mama Keki akajikaza kisabuni. "Bibie," akasema, na sauti ikamtoka kama uzi, "tumefika. Asante kwa kututembelea. Shuka."

Mkanda ukaachia. Sifongo ya kiti, iliyokuwa imebonyea tangu siku ya yadi, ikainuka taratibu mpaka ikawa sawa, na gari zima likapanda juu ya springi zake. Kitu kikampita ubavuni. Alifumba macho kama alivyoagizwa, akasikia mburuzo mwepesi vumbini, kama wa gauni refu, ukienda, ukienda, mpaka ukapotea upande wa maji.

"Kaa haraka, kabla hajageuka," mganga akasema, akiteremka. "Mimi nabaki kumsindikiza. Nendeni, na msigeuze shingo."

Mama Keki akakaa. Akafunga mkanda. Akangoja mlio, roho mkononi. Kimya. Kiti kilikuwa na joto la jua tu, na kioo cha dirishani kilikuwa kikavu, angavu, barabara nzima ikionekana.

Akalia. Hakujificha, alilia kwa furaha mpaka mabega yakatikisika, na Taratibu, aliyekuwa akiendesha kwa mkono mmoja, akaunyoosha mwingine na kuuweka juu ya mkono wa mkewe. Kiganja chake kilikuwa cha moto, kiganja cha mtu. Alimtazama kwa jicho ambalo Mama Keki hakuwa ameliona tangu mwaka wa kwanza wa ndoa yao. Akawaza kwamba amempata.

Walikwenda kitambo. Maghala yakaisha, maduka yakaanza, watu wakavuka barabara na mizigo yao. Taratibu akainua macho kwenye kioo cha kutazamia nyuma, akayashusha, akayainua tena.

"Yuko wapi?" akauliza, kwa kunong'ona.

"Mganga? Si amebaki kule."

"Siyo huyo. Yule mwanamke mwingine. Wa siku zote. Sikutaka kukwambia akiwa humu, asije akasikia. Lakini alikuwa ananitisha sana, mpenzi. Kila nikiingia garini namkuta kakaa nyuma, kimya, ananikodolea macho kwenye kioo. Mikono imejaa unga. Na nyumbani nikienda, namkuta na huko."

Mama Keki alifungua kinywa kumwambia kwamba huyo ni mkewe. Akaona mguu wa mumewe ukiinuka kwenye pedali ya mafuta, na mkono juu ya wake ukianza kulegea, ukijiandaa kuondoka.

"Tumemshusha," akasema.

"Hatarudi?"

"Hatarudi," akasema Mama Keki, akiushika ule mkono kwa mikono yake yote miwili.