Joto la Vazi la Binti Kimondo

Kwapa la vazi lilikuwa na joto. Siwema aliligusa asubuhi, akitaka kulifuta vumbi, akaurudisha mkono haraka kama mtu aliyegusa mgongo wa asiyemjua. Vazi lilikuwa kwenye kitundikio tangu jana yake. Yeye mwenyewe hakuwa amelivaa kwa siku tatu.

Lilikuwa vazi la Binti Kimondo, shujaa wa michezo ya runinga ambaye kila mtoto wa Tanga alimjua. Siwema alilishona kwa miezi minne. Kitambaa kilifumwa kwa mkonge laini, na ndani yake zilipita nyuzi-misuli, nyembamba kama nywele, ambazo hujikaza na kung'aa umeme unapopita. Nguo za zamani zilikaa tu mwilini. Nguo ya nyuzi-misuli humshika mvaaji, ikamsaidia kunyoosha mkono nusu saa asichoke. Tena hukumbuka. Kila hatua aliyopiga Siwema alipokuwa akilijaribu mbele ya kioo, vazi liliihifadhi.

Miaka hiyo watu wazima wa mji walikuwa na mchezo wa kuvaa wahusika na kupigwa picha. Siwema na mumewe, Mbaraka, walikuwa wanapanga kupiga za kwao usiku, nje ya mji, kwenye magofu ya kiwanda cha mkonge, ambako watazamaji hujaa kila mwaka. Mbaraka angevaa Mzee Kutu, roboti mkorofi. Nyigu-picha sita, vile vyombo vidogo vinavyoruka na kamera tumboni, wangewazunguka. Picha ambayo ingeshinda shindano la mwaka ingewekwa kwenye ukuta wa soko mwaka mzima, kubwa kama nyumba.

Siwema alimweleza jirani yake Mwanamkuu habari ya lile joto, akijifanya anauliza tu.

"Labda ni jua la dirishani," akamalizia.

"Dirisha lipi? Hilo linalotazama ukuta wangu?" Mwanamkuu alikuwa anachambua mchicha, hakuinua hata macho. "Nguo haipati joto kwa kuning'inia, shoga. Kuna mtu kaivua."

"Nani sasa?"

"Mie simo. Muulize mumeo."

Siwema akacheka, lakini cheko halikufika mbali. Aliporudi ndani alikumbuka kwamba Mbaraka, ambaye hakuwahi kumuuliza safari zake, siku hizi alimuuliza kila siku. Leo utakwenda kwa mama? Utarudi saa ngapi? Utakula huko huko?

Juu ya meza kulikuwa na mpangaji, kibao chembamba ambacho husikiliza maneno ya mtu na kumtengenezea ratiba. Siwema alikiwasha. Alisoma ratiba ya Mbaraka polepole, kidole chini ya kila neno. Mihogo ya kukaanga na chupa ya chai. Dawa ya mbu. Ruhusa ya mlinzi wa magofu, imepatikana. Kisha mstari wa mwisho: *Kusubiri mwenzi mpya, Ijumaa.*

Alirudia mara tatu. Neno halikubadilika.

Siku mbili alinyamaza. Alimpakulia Mbaraka chakula, akamtazama anavyokula. Alinusa kola ya vazi akasikia harufu ya mkonge tu, na hilo nalo likamtia wasiwasi, kwamba huyo mwanamke ni msafi kiasi gani asiache hata harufu. Alipima kiuno kwa tepu. Hakikutanuka. Kwa hiyo wako sawa mwili, akawaza.

Jumatano mchana akashindwa kuvumilia.

"Huyo mpya anatoka wapi?"

"Mpya gani?" Mbaraka alikuwa anafuta mabawa ya nyigu-picha mmoja.

"Wa Ijumaa. Unayemsubiri."

Akamsukumia kibao. Mbaraka akasoma, akakunja uso, kisha akacheka hadi akakaa chini.

"Mwezi, bibie! Nilisema mwezi mpya! Tunasubiri mwezi mpya ili giza liwe totoro, nyuzi zing'ae. Hiki kibao kina masikio mabovu. Neno kisilolisikia vizuri hukisia, na wanaopanga picha za usiku wengi huzungumzia wenzi wao. Mwezi mzima umekuwa mwanamke!"

Siwema naye akacheka, aibu ikimpanda. Alikuwa karibu kuomba radhi. Lakini mkono wake ulikumbuka.

"Na kwapa la vazi, je? Nalo limekisia?"

Mbaraka akaacha kucheka.

Akatoa kidude mfukoni, akakibonyeza. Vazi likatikisika. Bega moja likainuka, likafuata la pili, nalo likashuka kutoka kwenye kitundikio na kusimama sakafuni, shingo ikiwa wazi na ndani hamna mtu. Likatembea hatua nne. Kwenye kona ya meza likageuka ubavu, kama Siwema anavyogeuka asijigonge.

"Nyuzi hupata moto zikifanya kazi sana," Mbaraka alisema kwa upole. "Wiki mbili hizi nimelifundisha ukiwa kwa mama. Mwaka jana watu walipojaa ulitetemeka, ukajifunika kanga, tukarudi na picha za mgongo wako. Iliniuma. Nikasema safari hii mke wangu asiteseke. Utakaa garini na chai yako. Hili litasimama badala yako, na jina litaandikwa lako. Binti Kimondo anavaa kofia ya kioo cheusi, nani atajua?"

Siwema alilizunguka vazi, akachungulia shingoni.

"Hata kucheka linajua. Ngoja." Mbaraka akabonyeza tena.

Mabega ya vazi yakatetemeka. Kichwa, kama kingekuwepo, kingeinama. Glavu tupu ikapanda taratibu hadi mahali pa kinywa, ikapaziba.

Siwema hakujua kwamba yeye hucheka hivyo. Alitazama glavu ile mpaka iliposhuka. Vazi lilikuwa limehifadhi yote aliyoyafanya tangu alivae mara ya kwanza: kuinama, kukwepa, kujificha, na halikukosea hata moja. Aliyoyatamani halikuwa na pa kuyapata, kwa kuwa hakuwahi kuyatenda wala kumwambia mtu. Hata Mbaraka, aliyemwonea huruma kwa wiki mbili nzima, alikuwa ameihurumia hofu yake peke yake.

"Hujapenda?" Mbaraka akauliza. "Sema basi, Siwema. Nimekosa wapi?"

"Lizime."

Akalizima. Vazi likaporomoka sakafuni. Siwema hakuliokota. Sauti ilipotoka ilikuwa ndogo, ila ilitoka.

"Nitatetemeka na Ijumaa pia. Watu wakija nitatetemeka, na bado nitasimama mimi, bila kofia. Miezi minne nashona, Mbaraka, sikuwa nashona pa kujificha." Akamtazama usoni. "Mimi napenda kutazamwa."