Tangazo la Kwanza Lilimkuta Kileleni

"Bado mbali?"

"Hapo tu, dada."

"Ulisema hapo tu saa nzima iliyopita, Kefa."

"Na bado ni hapo tu. Mimi sibadilishi maneno."

Priska alitaka kucheka, pumzi ikamnyima. Kefa, mwenyeji aliyekuwa akiwaongoza njia, alipanda mikono mfukoni kama mtu anayekwenda dukani kununua chumvi. Mbele yao Linus alikuwa akizama kwenye ukungu na kuibuka. Mlima Mtorwi siku hiyo haukuwa na huruma na mtu: nyasi zimelowa, mawe yanateleza, upepo unapiga masikio kama una ugomvi nayo.

Lakini Priska alipanda. Mwanamke anayetegemea pete hapandi kwa miguu, anapanda kwa matumaini.

Alhamisi Linus, ambaye kwa kawaida angekuja na pikipiki yake, alimpigia simu, ghafla tu: "Jumapili twende Makete tukapande mlima. Kuna neno nataka nikuambie kileleni." Miaka mitatu ya uchumba! Priska, fundi sweta wa Mjimwema pale Njombe, alifunga mashine palepale. Mdogo wake Oliva akamwonya, "Kata kucha, dada. Picha ya pete haina msamaha." Jumamosi wakalala kijijini chini ya mlima, vyumba viwili kwa heshima ya Kanisa, na alfajiri wakaanza safari. Misa ya Jumapili akamwachia Oliva na mama yao.

"Linus! Nisubiri basi! Umekuja kuuoa mlima?"

Linus alisimama. Hakucheka. Tangu jana hakuwa akicheka, na Priska aliona ni ule woga wa mwanaume anayetafuta pa kupigia goti.

"Simu yako umeizima?" Linus akauliza.

"Si ulisema baridi inakula chaji?"

"Iache hivyohivyo."

"Ah, juu mtawasha tu," Kefa akadakia. "Kijijini mtandao hamna, ila kileleni unashika mpaka raha. Jirani yangu mkewe alimtongozea hukohuko juu."

Linus alimtazama Kefa kama ametukaniwa mama.

Kileleni hapakuwa na cha kuona. Rundo la mawe, na ukungu pande zote, kama dunia imefunikwa blanketi ikaambiwa ilale. Kefa akajibanza nyuma ya mwamba. Priska akasimama mbele ya Linus, akavua glavu ya mkono wa kushoto.

"Haya. Niambie hilo neno."

"Tupumzike kwanza."

"Basi nipige picha." Akawasha simu.

"Priska, usi..."

Simu ikatetemeka. Ikatetemeka tena, na tena. Zote zilikuwa meseji za Oliva.

"Dada uko wapi?"

"Washa simu!!"

"Dada, padre amesoma matangazo ya ndoa. Linus na Tereza wa Kitandililo, Makambako. Jina lake, la baba yake na la ukoo. Tangazo la kwanza. Kanisa zima limegeukia benchi letu. Mama ametoka nje hata baraka hajapokea."

Priska alisoma mara mbili. Kisha akamgeuzia Linus kioo cha simu.

"Huyu Linus ni nani? Kama mmefanana majina sema, nicheke."

Linus akatazama chini.

"Nilitaka nikuambie mwenyewe. Ndiyo maana nikakuleta."

"Umenileta ili nisiwepo kanisani."

"Nilijua litasomwa Makambako tu, kwa kina Tereza. Alhamisi katekista ndiyo ananiambia linasomwa na kwa bwana harusi, parokia anayosali. Sikujua, Priska."

"Kwenye mafundisho ya ndoa ulisinzia? Miaka yote hii hukuniogopa mimi, umekuja kumwogopa katekista!"

"Ningekuambia nyumbani ungelia, majirani wangejaa..."

"Ukaona bora niyalilie mawe."

Kefa, kule nyuma ya mwamba, alijifanya anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa gambuti, mabuti ya mpira yasiyo na kamba.

"Kwa nini yeye?" Priska akauliza, na sauti yake ikawa ndogo. "Nimepungukiwa nini?"

"Hujapungukiwa. Tuna mtoto. Justine."

"Justine wa dada yako?"

Linus akajishughulisha na zipu ya koti lake.

Mwezi wa sita Priska alimfumia mtoto huyo sweta la bluu lenye bata kifuani, baada ya kuambiwa kuna mpwa huko Makambako anasumbuliwa na kifua. Hata bei hakuitaja. Sasa mtoto ana miaka miwili, uchumba una miaka mitatu. Hesabu ya darasa la kwanza, jibu lake linaua.

Hapo simu ya Linus nayo ikaita. Priska akaona jina la Tereza.

"Pokea, weka spika."

"Priska, nakuomba..."

"Usipopokea napokea mimi."

Linus alibonyeza.

"Baba Justine!" sauti ya kike ikapasua ukungu. "Wamesoma huko? Huku wamesoma, mama zangu wamepiga vigelegele!"

"Wamesoma," Priska akajibu.

"Nani mwenzangu?"

"Priska. Fundi sweta."

"Kamwene, dada! Sweta limemkaa, hataki kulivua hata kwa kuoga. Linus amesema wewe ni binti wa shangazi yake. Kamati ya harusi hatukuachi!"

Priska akamtazama Linus. Linus alikuwa anatikisa kichwa, viganja vimeunganishwa, na polepole akashuka mpaka magoti yote mawili yakakaa kwenye mawe yaliyolowa. Basi goti akaliona, tena mawili.

"Mimi si binti wa shangazi yake," Priska alisema. "Ni mchumba wake, mwaka wa tatu huu. Mtoto niliambiwa ni wa dada yake. Na huku mlimani nilikuja kuvishwa pete."

Upepo ukapita. Upande wa pili mtoto alikuwa akiimba kitu kisichoeleweka. Kisha simu ikakatika.

"Dada," Kefa akaita taratibu, "mvua inakuja. Tushuke."

"Tangulia, nakufuata. Huyu aje nyuma, tena kwa mbali."

Kefa akampa fimbo yake. Priska akaipokea, akaanza kushuka.

Jumapili iliyofuata mama yake alimsihi abaki nyumbani. Priska akaenda, akakaa benchi lilelile, migongo ya mbele ikigeuka mmojammoja kumtazama. Padre akasoma matangazo: usafi wa makaburi, zamu za jumuiya, ndoa mbili. Linus hakuwemo.

Oliva akamfinya. "Dada! Hawajasoma!"

"Nimesikia."

Alidhani angefurahi. Alijipekua moyoni mpaka mwisho wa misa, furaha yenyewe hakuiona.

Watu walipokuwa wakitoka, meseji ikaingia.

"Ni Tereza, namba yako nimeitafuta mpaka nimeipata. Nimekwenda kwa paroko mwenyewe, nimesimamisha ndoa. Ila Justine, kila pikipiki ikipita anakimbilia mlangoni akijua ni baba yake. Nifanyeje dada?"

Priska akabaki na simu mkononi. Nje, barabarani, pikipiki moja ikapunguza mwendo, na shingo yake ikawa imeshageuka kabla yeye mwenyewe hajaamua.

Akaandika: "Hata mimi nageuka."

Akaituma.