Damu Isiyokuwa O

Maiti ya Hemant Sutar ililala kifudifudi kati ya mitambo miwili ya kufuma, spana imetupwa kando ya kichwa. Alikuwa fundi wa karakana ile ya nguo mjini Ichalkaranji, India. Mitambo mingine ilikuwa bado inagonga, maana hakuna aliyekumbuka kuizima.

"Izimeni hiyo," alisema Inspekta Sulabha Ranade.

Hata kimya kilipoingia hakutulia. Aliizunguka maiti mara nne, kisha akasimama mbele ya dirisha lililovunjika, hatua kumi kutoka alipoangukia marehemu. Kioo kilikuwa na damu.

"Marehemu hakufika huku," alimwambia Sajini Bhosale. "Muuaji kajikata akitoka. Chukua sampuli."

Siku ya pili, Daktari Rukhsana Attar wa maabara alimpigia simu. "Afande, njoo mwenyewe. Damu hii inanichezea akili."

Ranade hakukubali kiti. "Sema."

"Ya marehemu ni A. Ya kwenye kioo ukiipima juujuu ni O, lakini si O. Hata mtu wa O ana alama moja ya msingi kwenye chembe za damu, H. Alama za A na B hujengwa juu yake, kama ghorofa. Huyu hana msingi wenyewe. Ukimtia damu ya O, kingamwili zake zitaiona adui na kuishambulia, na anaweza kufa. Tunaiita damu ya Bombay. Ni mmoja katika maelfu."

Mwenye karakana, Madhukar Pethe, alikuwa na bandeji kiganjani.

"Mkono umefanyaje, bwana Pethe?"

"Kisu. Nilikuwa nakata vitunguu."

"Mkeo anasema hujawahi kushika kisu cha jikoni tangu umwoe."

"Wanawake husema mengi."

"Kundi lako la damu?"

"O. Kama watu chungu nzima mjini hapa. Utatukamata sote?"

"Utakubali tukupime?"

Pethe alicheka. "Chukueni hata ndoo."

Mkewe, Sharayu, alimngoja Ranade kwenye korido, akisokota ncha ya sari. Alisema mumewe hakuwa amemsemesha binti yao Ketaki tangu mtoto alipotoka hospitali. Kwa nini, hakuambiwa. Ranade alimwomba ruhusa ya kuchukua mate ya mtoto yapimwe vinasaba. Sharayu alikubali bila kuuliza.

Majibu yalichukua siku tatu. Ranade alizihesabu kwa kutembea, kutoka dirisha hadi mlango, mpaka Bhosale akahamishia meza yake chumba kingine. Yalipofika, Pethe aliitwa.

"Damu ya kwenye kioo ni yako."

"Nimeshakwambia, O wako wengi."

"Wewe si O. Wenye damu yako hawajazi hata basi moja mjini hapa, na vinasaba ni vyako."

Pethe alianza kuifungua bandeji yake.

"Ketaki aliugua dengue mwezi uliopita," alisema. "Wakampima damu. A. Mimi O, mama yake O. Nikamuuliza muuguzi, wazazi wa O huzaa A? Akasema haiwezekani. Hemant alikula kwangu kila Jumapili. Na kadi yake ya kuchangia damu niliiona. A."

"Ukampiga spana."

"Nilimpiga."

Ranade alimwita Daktari Attar, aliyekuwa mlangoni.

"Muuguzi hakukosea kwa watu wa O," daktari alisema polepole. "Lakini wewe una jeni ya A. Imejificha, kwa kuwa huna msingi wa kuijenga juu yake. Mkeo alimpa Ketaki msingi. Wewe ulimpa A."

"Sijaelewa."

"Ketaki ni binti yako," alisema Ranade. "Vinasaba vimethibitisha."

Bhosale aliacha kuandika.

"Hemant alisema nini?" Ranade aliuliza. "Kabla hujampiga."

"Hakupiga kelele. Alisema, 'Tajiri, yule mtoto ni pua yako tupu. Nenda nyumbani ukamtazame.'"

"Ukaenda?"

"Nilikuwa nimeshainua spana."