Orodha ya Sufuria

Kila nikirudi shuleni, kabla sijagusa daftari, huzoa jivu la mkaa, huosha vyombo na kuvipanga kabatini. Nyumbani wananiita Karani kwa sababu ya mwandiko wangu, na jina lenyewe nalipenda. Wiki ile tulikuwa tunajiandaa kufungiwa jiko jipya la umeme, lile bapa la kioo. Moshi ulikuwa umemkohoza mama miaka mingi, na jiko hili halina moto. Linapasha chombo chenyewe, tena si kila chombo.

Alhamisi fundi umeme alikuja kuvuta waya mnene kutoka kwenye swichi kuu. Alipomaliza alinipa sumaku.

"Karani, jaribu kila chombo kwa hii, kitakoni. Kikinasa, kitapika. Kisiponasa, hata king'ae vipi, jiko halitakitambua. Mwandikie mama orodha."

Nilijaribu viwili tu. Nje wenzangu walikuwa wanaruka kamba na kuniita. Nikajiambia jiko jipya litataka vyombo vipya, basi. Sufuria zinazong'aa nikaziandika "zinanasa." Vyeusi vyote, pamoja na sufuria nzito ya chuma ya bibi, nikaviandika "havinasi." Nikapiga mistari kwa rula, nikatoka mbio.

Mama aliisoma orodha akanisifu. Jioni alimpa jirani vyombo vyeusi, maana yeye bado anatumia mkaa. Bibi alipapasa mfuniko wa sufuria yake kabla ya kuiachia.

"Kama haifai, haifai," alisema. "Karani ameandika."

Jumamosi fundi alilifunga jiko kwenye meza ya jikoni, akaliwasha. Mama akateleka sufuria ya alumini yenye maji. Jiko likalia pii, likazima. Akaweka ya pili, ikawa vilevile. Ya tatu pia.

"Fundi, jiko ni bovu au kazi yako ndiyo mbovu?"

"Vyombo vilijaribiwa, mama?"

"Vyote. Mwanangu huyu hakosei."

"Basi kosa litakuwa langu," fundi alisema taratibu. Akalala chali chini ya meza, mtu mzima yule, akaanza kufungua skrubu moja baada ya nyingine. Mama alikuwa ameshampigia shangazi, aliyetuletea fundi huyo, anamwambia ametuletea fundi uchwara. Fundi alisikia kila neno huku akiendelea kufungua skrubu.

Nilisimama mlangoni, natamani ardhi ipasuke inimeze. Mtu alikuwa anatukanwa kwa uongo wangu, nami ndiye pekee niliyejua.

"Mama, sikujaribu."

Hakunisikia. Ikabidi niseme tena, na mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi.

"Mama, kata simu. Nilijaribu viwili tu. Vingine niliandika tu."

Mama alishusha simu. Fundi akatoka chini ya meza, vumbi kwenye ndevu. Hakuna aliyenigombeza, na heri wangenigombeza. Nilimwomba fundi radhi huku natazama miguu yake. Mama naye akamwomba radhi, kisha akampigia shangazi kuyafuta maneno yake.

"Sasa nenda kwa jirani," aliniambia. "Ukamweleze mwenyewe."

Nilimkuta jirani anapika maharage ndani ya sufuria ya bibi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umefuata chumvi?"

Nilimweleza yote. Alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akaniketisha kwenye kigoda ningoje maharage yaive. Kila mgeni aliyeingia aliuliza ninangoja nini, na jirani akaniachia nijibu mwenyewe. Nilijibu mara nne.

Niliporudi, bibi alipokea sufuria yake, akaitia maji na kuiteleka. Muda si muda maji yakachemka. Fundi alikuwa anakusanya vifaa vyake, akaniita kando.

"Kukosea si neno, mjukuu wangu. Mimi mwenyewe hukosea. Lakini usiseme umepima wakati hujapima. Leo ilikuwa sufuria. Siku nyingine ungeniambia umezima swichi kuu, nami kwa kukuamini ningeushika waya."

Alisema hivyo kwa upole, akanishika bega. Hapo ndipo nilipolia.