Mafuta ya Gia na Gari la Majeneza

Mume wangu anatengeneza majeneza. Yeye anapiga randa, mimi napaka vanishi. Wapita njia wakifika kwenye karakana yetu hugeuza uso, utadhani sisi ndio tunaowaua hao watu. Mimi huwasalimia kwa sauti kubwa, makusudi kabisa. "Karibuni!" nawaambia. Hakuna anayekaribia.

Marehemu tunawapeleka makaburini sisi wenyewe, kwa gari letu kuukuu. Ni gari la otomatiki, yaani linabadilisha gia lenyewe. Makaburi yako juu ya kilima kirefu. Gari hupanda pole pole, limebeba jeneza na watu.

Siku moja, katikati ya kilima, injini ilinguruma lakini gari halikusogea. Harufu ya kuungua ilitujaa puani. Watu wakashuka. Jeneza likawekwa chini kando ya barabara, na malori yakawa yanalirushia vumbi. Mjane alikaa hapo chini akilifuta kwa kitambaa chake. Analifuta, linachafuka, analifuta tena. Nilitamani ardhi inimeze.

Habari hizo zilimfikia mama yangu chumbani. Mama alikuwa na saratani. Daktari alikuwa amesema tumrudishe nyumbani, tumtunze tu. Sote tulijua maana yake.

"Mkwe wangu," mama alimwambia mume wangu, "mimi ndiye abiria wako anayefuata. Usinilaze barabarani."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nitasema. Nisiposema sasa, nitasema lini?"

Mume wangu alitoka nje. Alishika randa, lakini hakuna alichoranda.

Kesho yake alikwenda kwa muuza vipuri.

"Gia inateleza kwa sababu mafuta yake yanapata joto kupita kiasi," muuza vipuri alimwambia. "Mzigo mzito, kilima, mwendo mdogo, hapo mafuta yanaungua. Yabadilishe. Kisha funga kipoza mafuta."

Kipoza mafuta ni kama rejeta ndogo, nyembamba. Mafuta ya moto yakipita ndani yake, upepo unayapoza. Mume wangu alisema ataifanya kazi hiyo mwenyewe. Aliliacha gari lipoe, kwenye ardhi tambarare. Alivuta handibreki, akaweka mawe nyuma ya magurudumu. Mafuta ya zamani aliyakinga kwa beseni. Yalikuwa meusi, yananuka kama sufuria iliyoungua. Kipoza alikifunga mbele ya rejeta, kwa vyuma vyake na skrubu, akaacha nafasi ya upepo kupita, kisha akakiunga kwa mipira mipya ya kupitishia mafuta.

Mwisho alitia mafuta mapya. Alichomoa kijiti cha kupimia, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Yamejaa.

"Kazi imekwisha!" alisema.

Tulipakia mbao nzito kwa majaribio, tukapanda kilima. Hatukufika hata nusu. Injini ilinguruma, gari likasita. Tulisubiri lipoe, tukageuza, tukarudi nyumbani. Mama alilisikia gari likirudi mapema.

Mume wangu alichukua spana akaenda kuking'oa kile kipoza. "Nimetapeliwa!" alifoka.

"Weka spana chini!" sauti ilitoka getini. Alikuwa jirani yetu, Bi Breki. Alifanya kazi kwenye gereji ya magari ya wagonjwa mpaka akastaafu, na hajawahi kuongea kwa sauti ndogo. Huwa anakuja kumwona mama kila siku.

"Ulipima mafuta injini ikiwa imezimwa au inanguruma?" aliuliza.

"Imezimwa. Si ndivyo mafuta yanavyopimwa siku zote?"

"Hayo ni ya injini, wewe! Magari mengi kama hili lako, mafuta ya gia hupimwa injini ikiwa inanguruma, na mafuta yenyewe yamepata moto. Injini ikizimwa, mafuta hukusanyika chini. Kijiti kinakwambia yamejaa. Ukiwasha, yanaanza kuzunguka. Yanaingia kwenye rejeta, kwenye mipira mipya, kwenye kipoza. Umeliongezea gari tumbo jipya, chakula hukuongeza! Mngeendelea kidogo tu, gia zote zingekufa."

Mume wangu ana masikio ya mbao, lakini siku hiyo alisikia.

Bi Breki aliinama mbele ya gari. "Mipira hii ni ya nini?"

"Ya mafuta ya gia. Muuza vipuri alisisitiza."

"Angalau umemsikiliza mtu mmoja maishani mwako. Mpira wa maji ungelainika, ukapasuka, mafuta yakadondokea ekzosi. Gari lingewaka moto na marehemu ndani. Lakini huu umepita karibu mno na ekzosi. Usogeze, uufunge usichezecheze. Na kipoza umekiunga wapi?"

"Kwenye bomba la kurudi. Mafuta yanatoka kwenye gia, yanapita rejeta, yanapita kipoza, yanarudi."

"Vizuri. Sasa washa. Kanyaga breki, usiiachie. Peleka gia taratibu, moja moja, halafu rudisha kwenye P, ile ya kuegesha."

Gari lilipopata moto, mume wangu alipima injini ikiwa inanguruma. Kijiti kilitoka na mafuta kwenye ncha tu.

"Yesu wangu," alisema.

"Ongeza kidogo, upime. Usimwage yote, yakizidi nayo ni hasara. Tumia aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na kitabu ndicho kitakwambia namna ya kupima. Gari lisilo na kijiti, mpelekee fundi."

Tulitandika maboksi chini ya gari, injini ikaendelea kunguruma. Hakuna tone lililoanguka. Tukapakia mbao tena. Safari hii tulifika juu, tukashuka, tukapima tena na kukagua kila klipu inayobana mipira.

Mume wangu aliingia kwa mama na mikono yake michafu. "Mama, limepanda."

"Na mzigo?"

"Na mzigo. Mbao nzito kuliko wewe."

"Siku hizi hata kuku ni mzito kuliko mimi," mama alisema, akacheka mpaka akakohoa. Kisha aliushika ule mkono mchafu, asiuachie.

Mama alifariki mchana, mvua ikinyesha. Mume wangu alimtengenezea jeneza, asitake msaada wa mtu. Vanishi nilipaka mimi. Machozi yalidondokea humo humo, nikapaka juu yake.

Siku ya mazishi nilikaa nyuma, mkono wangu juu ya jeneza. Bi Breki alikaa mbele, na kwa mara ya kwanza alikuwa kimya. Tulianza kupanda. Gia ilishuka yenyewe, ikashika. Malori yalitupita, sisi tukaendelea pole pole, bila kusita. Jasho lilimtiririka mume wangu shingoni.

Tulifika kwenye geti la makaburi. Alizima injini, akageuka nyuma.

"Mama, tumefika," alisema.

Hapo nikalia kwa sauti, bila kumwonea mtu haya.