Tarakimu Aliyoikoleza Chapchap

Kila asubuhi kazi zake zilikuwa zilezile: kufagia uani, kujaza ndoo mbili, kisha kuwahi shule. Alizifanya zote mbiombio, na ndiyo maana baba yake alimbandika jina la Chapchap. Lakini siku hiyo shule zilikuwa zimefungwa, naye alipewa kazi nyingine: kumsindikiza mama hospitali. Mama alikuwa mjamzito, na mkunga wa zahanati alikuwa amemwandikia kipimo cha picha ya tumbo.

"Karatasi ya mkunga iweke katikati ya daftari," mama alimwambia. "Chupa ya maji ishike mkononi. Vitu hivi viwili visikutane, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Kusikia alisikia. Ila daftari alilisahau mezani, karatasi akaitia mkobani peke yake, na mkono ulipochoka njiani, chupa nayo iliingia humohumo, kifuniko kikiwa hakijakazwa.

Walipofika, mama aliipokea chupa akaitazama. "Mbona maji yamepungua?"

"Nilikunywa kidogo, mama. Kiu."

Mama aliyanywa yaliyobaki mpaka tone la mwisho, maana waliokwenda kupigwa picha ile waliambiwa wajaze kibofu ili mtoto aonekane vizuri. Kisha akaketi kwenye benchi na wanawake wenzake.

"Wasiponiita upesi," alisema, "mtaniokota nikielea."

"Usituchekeshe, dada," mmoja alimjibu akijishika tumbo. "Hapa kila mtu ni mtungi!"

Chapchap alikuwa kwenye foleni ya dirisha la malipo, na hakucheka. Mbele yake, karani wa bima alikuwa akimrudishia mzee mmoja karatasi yake. "Babu, imelowa hii. Iliyolowa au iliyofutwafutwa bima hawailipi. Rudi ukaandikiwe upya."

Chapchap alitia mkono mkobani. Karatasi ilikuwa na unyevu pembeni. Maandishi mengine yalisomeka, lakini penye idadi ya wiki za ujauzito palikuwa na mbili, halafu doa la wino lenye matumbo mawili. Ni tatu au nane? Mama ameshakunywa maji yote, na zahanati ni mwendo wa saa nzima. Atamwambia nini?

Alichukua kalamu. Ni nane tu, alijiambia, akaikoleza. Akaipuliza ikakauka. Karani aliitupia jicho, akagonga mhuri.

Ndani ya chumba cha picha palikuwa na giza na baridi. Mtaalamu wa picha, mwanamke mwenye miwani, alimpaka mama mafuta ya utelezi tumboni, akapitisha kifaa kidogo kama pasi. Kwenye kioo kilitokea kichwa, kisha mgongo kama shanga zilizotungwa. Mama akatabasamu.

Mtaalamu hakutabasamu. Alipima kichwa, akapima paja. Akarudia kichwa.

"Mama, ujauzito huu ni wa wiki ngapi?"

"Hivyo hivyo alivyoandika mkunga. Mwenye hesabu ni yeye. Mimi tarehe nazishika kama maji."

"Hapa ni ishirini na nane." Alirudia kuisoma karatasi. "Lakini mtoto ni mdogo. Ni mdogo sana kwa wiki hizo. Nataka daktari amwone, afanyiwe na kipimo cha mishipa ya damu leo hii. Ila bima yako hailipi vipimo viwili kwa mwezi mmoja, hicho mtakilipia wenyewe."

Mama aligeuza uso ukutani. Mtoto aliyetangulia huyu hakufika nyumbani. Chapchap alikumbuka nguo ndogo zilizokunjwa zikarudishwa sandukuni, na siku ambazo mama hakusema na mtu. Sasa mkono wa mama ulimtafuta gizani, ukamshika. Ulikuwa wa baridi.

"Omba simu, umpigie baba yako," mama alinong'ona. "Mwambie aje. Mwambie aje tu."

Chapchap alitazama mlango. Akisema, mama atarudishwa kwa aibu. Asiposema? Ule mkono haukumwachia.

"Si nane!" Sauti ilimtoka kama kilio. "Mimi ndiye niliyeandika. Karatasi ililowa na chupa, namba haikusomeka, nikaogopa. Nilibahatisha!"

Mtaalamu aliweka kifaa chini. Hakumkaripia. Alichukua simu, akampigia mkunga, akamwomba afungue daftari la kliniki. Kurasa zilisikika zikipekuliwa, moja, nyingine, nyingine tena. Mama alikuwa amefumba macho.

"Ishirini na tatu," mkunga alisema.

Mtaalamu alipima upya, taratibu. "Basi mtoto huyu yuko palepale anapotakiwa kuwa," alisema, akafungulia sauti. Moyo mdogo ulisikika ukidunda mbiombio.

"Ala," mama alisema machozi yakimtiririka, "kumbe nina Chapchap wawili!" Akakurupuka kitandani. "Choo kiko wapi, jamani?"

Mtaalamu alikifuta kile kipimo cha pili, kisha akampeleka Chapchap dirishani akaseme mwenyewe. Alisema, macho kwenye viatu vyake.

"Mhuri wangu uko juu ya namba ya uongo," karani alisema. "Karatasi hii siwezi kuipeleka bima. Kesho alfajiri utaniletea mpya kutoka kwa mkunga. Na ungeniambia mapema kwamba karatasi imelowa na mama ameshakunywa maji, ningempigia mkunga mimi. Simu hii unaiona pambo?"

Chapchap alitazama simu. Ilikuwa hapo tangu asubuhi, hatua moja kutoka aliposimama na kalamu yake.

Walirudi nyumbani polepole. Chapchap alingoja kugombezwa mpaka akachoka kungoja. Mwishowe mama akasimama.

"Kulowa kwa karatasi ni kosa dogo, mwanangu," alisema. "Ningekukaripia, yakaisha. Lakini ulilifunika kwa uongo wa kiu, ukaufunika huo kwa kalamu, mpaka mimi nikamlilia mtoto aliye hai. Siku nyingine ukikosea, niletee kosa likiwa bado bichi. Hilo nitaliweza."

"Ndiyo, mama."

Alfajiri iliyofuata Chapchap aliifuata karatasi mpya kwa mkunga. Aliipeleka kwa karani ikiwa katikati ya daftari, kwa mikono miwili, akitembea, si kukimbia.