Uzi Uliobaki

Jambo la kwanza Malaithong aliloliona ni tundu la kufuli. Lilielekea ukutani. Bibi Sengchan, miaka yote aliyomlea, alifunga sanduku lake tundu likitazama mlangoni. Saa mbili na robo asubuhi Malaithong akalifungua. Hariri nyekundu aliyoifuma bibi mwenyewe ya kufunikia jeneza lake haikuwamo, na maiti yake ilikuwa ichomwe saa kumi jioni.

“Ni Thavisak, mchuuzi wa vitambaa,” alisema Bounlap, mkuu wa kijiji. “Mwaka mzima anaimezea mate.”

Saa nne walimkuta kituo cha malori, wakakung'uta marobota yake yote.

“Mimi mwizi? Mkuu, mimi hata mke wangu ananiibia!”

Hawakupata kitu.

“Kufuli halikuvunjwa,” Malaithong alisema, macho chini. “Ufunguo tangu jana ulikuwa shingoni mwa bibi, mpaka nilipouchukua leo. Tuliomwosha, tukauona, ni wawili tu.”

Wa pili alikuwa Khampheng, binti wa marehemu, aliyerudi juzi kwa msiba kutoka mji wa Pakse baada ya miaka kumi na mitano ya kununiana na mama yake. Begini mwake mlikuwa na hariri nyekundu.

“Nimefuma mwenyewe! Ua ni la mama, mikono ni yangu. Na wewe, yatima wa kuokotwa, unanipekua mimi?”

“Samahani, dada. Mtande wake una nyuzi ngapi za urefu?”

“Elfu mbili mia tano na ishirini. Mfumaji gani hajui? Gawa kwa mbili, kwa tatu, mpaka kumi, haibakizi kitu. Ua lolote linaenea.”

Saa sita wakaanza kuhesabu kwenye matamvua. Makumi mia mbili hamsini na mawili. Ukabaki uzi mmoja.

“Umekosea,” Khampheng alimkemea Malaithong. “Hata darasa la nne hukumaliza!”

Wakahesabu kwa tisa, ukabaki mmoja. Kwa nane, mmoja. Kwa saba, mmoja. Saa tisa Bounlap alifuta jasho. “Anayekosea hakosei vilevile mara nne.”

“Nilimshikia bibi nyuzi akitanda,” alisema Malaithong. “Zilipotimia, akaongeza mmoja. Namba hiyo haigawiki, dada. Nimeijaribu kwa kokoto mpaka mafungu ya hamsini hamsini. Kila mara kuna zinazobaki.”

Khampheng akaketi sakafuni.

“Hakuwahi kunifumia hata kitambaa cha kichwa,” alisema. “Kazi yake ya miaka mitatu, leo mnaitia moto! Nilitaka nibaki na kitu chake. Kimoja tu.”

Bounlap alinyoosha mkono kuichukua hariri. Malaithong akamzuia.

“Nilimuuliza uzi wa ziada ni wa nini. Akasema, ‘Ni Khampheng. Wagawe watu utakavyo, yeye nafasi yake iko palepale.’ Akaniambia nikuandikie barua urudi. Sikuandika, dada. Kila mwezi aliuliza kama umejibu, nami nikamwambia bado. Niliogopa ukirudi, atakayebaki nje nitakuwa mimi.”